Mgongo wa Wepukhulu

Picha pekee ya Wepukhulu, mpigaji litungu, ilipigwa Kitale kwenye maonyesho ya kilimo, Jumamosi tarehe 5 Novemba 1938, na inaonyesha mgongo wake. Shati ni jeupe, shingo ni nene. Juu ya bega la kushoto inatokeza ncha ya litungu, kinubi cha nyuzi saba cha Wabukusu. Mbele yake, karibu kiasi cha kugusa kwa mkono, kuna ukuta wa mbao wa banda la ng'ombe. Uso hauonekani.

Picha hiyo ilitundikwa Jumanne ya wiki jana kwenye ghala la mahindi nyumbani kwake, mwendo mfupi kutoka soko la Chwele, upande wa Bungoma. Wepukhulu alifariki Alhamisi tarehe 7 Machi 1957, akazikwa Jumamosi. Jumanne ndiyo iliyokuwa siku ya kunyoa, siku ambayo jamaa hukusanyika baada ya mazishi, hunyoa nywele na kumzungumzia marehemu hadharani, mema yake na vituko vyake. Wepukhulu alikuwa ameagiza litungu lipigwe siku hiyo. Watu walikuwa wengi, na bado neno moja lilikuwa halijapata jibu. Nje ya ua wa minyaa, juu ya kigoda alichokuja nacho mwenyewe, alikuwa ameketi Nekoye, mama mkwe wa marehemu, mwenye umri wa miaka sabini na zaidi. Alitaka kuingia. Kwa desturi hakuwa na ruhusa, na aliyeweza kumpa ruhusa hiyo alikuwa kaburini.

Wanaomkumbuka Wepukhulu wanaanza na mgongo, nao si wakosaji, maana wengi hawakuona kingine. Alipiga katika harusi, katika sherehe za tohara na kwenye vyungu vya busaa, pombe ya nafaka, kutoka Sirisia hadi Kitale kwa karibu miaka thelathini, na kila mahali aliwapa watu kisogo. Kang'ethe, aliyepiga ile picha, wakati huo alikuwa fundi msaidizi katika duka la picha mjini Kitale. Anakumbuka mazungumzo yao vizuri.

"Bwana, geuka kidogo."

"Piga tu."

"Nipige nini? Naona shati na shingo."

"Hiyo shingo ni yangu."

Kang'ethe alijaribu kuzunguka apate uso. Nafasi kati ya mpigaji na ukuta haikutosha hata mbuzi kupita. Akarudi nyuma akapiga alichokiona. Hakujua, kama ambavyo karibu hakuna aliyejua siku hiyo, kwamba miongoni mwa wanawake waliokuwa wakicheza nyuma ya Wepukhulu alikuwamo Nekoye.

Kwa Wabukusu, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Hawashikani mikono, hawakai chumba kimoja, na mmoja akimwona mwenzake njiani huingia kichakani mpaka apite. Mwiko huu huondolewa kwa zawadi. Mkwe hupeleka kondoo na blanketi, mama mkwe hulipokea blanketi akajifunika mabegani, wanasalimiana kwa mkono, na kuanzia siku hiyo anaweza kuingia kwa mkwewe na kunywa chai kama mtu mwingine yeyote. Watu wengi humaliza jambo hili mapema. Wepukhulu na Nekoye hawakulimaliza kamwe.

Wepukhulu alifika Kitale mwaka 1924, akiwa kijana wa miaka ishirini hivi, akaajiriwa kuendesha magari ya ng'ombe katika shamba la mzungu mmoja. Reli ilikuwa bado haijafika, na mahindi yalikwenda kwa mwendo wa ng'ombe, yaani polepole. Litungu lake lilisafiri juu ya magunia. Mwenzake wa gari, Kemboi, mtu wa milimani Elgon, anasema ng'ombe wao walizoea muziki kiasi kwamba ukinyamaza walisimama.

"Mimi nilibeba kiboko, yeye akabeba nyuzi," Kemboi anasema. "Na ng'ombe walimsikiliza yeye. Si hiyo ni dharau, bana?"

Katika shamba hilohilo waliishi wazazi wa Agneta. Wepukhulu alimwoa Agneta mwaka 1927. Kabla ya posa, Nekoye alimjua kama kijana mmoja kati ya wengi nyuma ya ng'ombe wenye vumbi, na hakuwa na sababu ya kumkazia macho. Baada ya posa hakuruhusiwa tena.

Kisa cha kwanza kilitokea mwaka 1929, kwenye harusi karibu na Chwele, baada ya Wepukhulu kuacha kazi ya shamba na kurudi kwao. Inasimuliwa kwamba siku hiyo alipandwa na mizimu. Si kweli. Kemboi alikuwapo, alikuwa amealikwa. Wepukhulu alikuwa katikati ya wimbo wa kumsifu baba wa mwenye harusi, mzee aliyekwisha kufa, na alikuwa amefika pale ambapo marehemu anatajwa kwa jina na ukoo. Hapo wageni wa upande wa bibi harusi wakaingia uani wakicheza, na wa tatu katika mstari alikuwa Nekoye.

Hakuweza kuacha. Kukata sifa za marehemu katikati ni kama kumlaani, na mwenye harusi angekuwa na haki ya kumfukuza. Hakuweza kuendelea akimtazama mama mkwe wake. Akakibana kigoda kwa miguu, akageuka nacho mpaka akaelekea ukuta wa jiko, na hakukosa hata uzi mmoja.

"Nilidhani ameona nyoka," Kemboi anasema. "Nikageuka kutafuta nyoka. Nikaona mama mkwe."

Wageni walipenda. Walisema hawajawahi kumsikia akipiga vizuri vile, na huenda walisema kweli, kwa sababu ukuta wa udongo ulikuwa ukimrudishia sauti yake. Tangu siku hiyo Wepukhulu alikuwa na tatizo la kawaida la mtu anayepiga mbele ya watu wengi: hakuweza kujua nani atatokea. Nekoye alipenda litungu kupita kiasi. Baba yake alikuwa mtengenezaji, naye utotoni ndiye aliyelainisha kano za ng'ombe na kuzisokota juu ya paja zikawa nyuzi. Mwanamke hapigi litungu, lakini hakuna mwiko unaomzuia kusikiliza, na Nekoye alitembea mbali kwenda kusikiliza. Njia salama kwa mkwe ilikuwa moja, kuanza wimbo akiwa tayari amegeuka.

Nekoye naye alijitafutia mahali pake. Kukaa nyuma ya mkwe, mahali anapoweza kugeuka ghafla, kulimtia wasiwasi, ingawa maonyesho ya Kitale yanathibitisha kwamba alijisahau mara mojamoja. Mara nyingi aliingia jikoni, akakaa upande wa pili wa ukuta ambao Wepukhulu alikuwa akiupigia. Huko ndiko alikoanza kuzungumza na kuku.

Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 1931, kwenye sherehe Bungoma. Agneta alikuwa jikoni na mama yake akipakua chakula. Kuku alikuwa kwenye pembe, amelalia mayai. Wimbo ulipokwisha Nekoye alimgeukia kuku yule.

"Wewe kuku," alisema kwa sauti ya kupita ukutani, "huyo mtu huko nje, uzi wake wa tatu umelegea, au ni masikio yangu?"

 Kutoka nje ikasikika sauti ya uzi unaokazwa, kidogo, na kidogo tena. Wimbo ukaanza upya.

"Haya kuku," Nekoye alisema. "Sasa umesikia."

Wanawake jikoni walicheka mpaka mmoja akamwaga mboga. Ndivyo walivyozungumza mama na mkwe kwa miaka iliyofuata. Nekoye alimwambia kuku, au chungu, au mtoto wa mtu aliyelala mgongoni. Wepukhulu alijibu ukuta. Siku moja akiwa amechoka alisikika akisema, "Ukuta, mwambie kuku vidole ni vyangu." Jibu lilirudi mara moja kwamba vidole ni vyake, lakini masikio ni ya watu.

Mwaka 1934 Wepukhulu aliamua kumaliza mwiko. Alinunua blanketi zito la kijivu, akachagua kondoo, akamtuma Agneta kwa mama yake kupanga siku. Agneta anayakumbuka maneno ya mama yake neno kwa neno, na hana haraka anapoyasimulia.

"Mwambie mume wako blanketi ninalo."

"Mama, si habari ya baridi."

"Najua si baridi. Nikilipokea hilo blanketi nitakaa pale mbele, niletewe chai, na akipiga vibaya nitasema asante mwanangu, vizuri sana. Mama mkwe aliyefunikwa blanketi atasema nini kingine? Sasa nani atamwambia?"

"Watu watamwambia."

"Watu gani? Hao wanaompigia makofi hata akikohoa?"

Kondoo aliliwa Krismasi. Blanketi likakunjwa likawekwa ndani ya sanduku la mbao. Mwaka 1946 Wepukhulu alijaribu tena, kwa blanketi lilelile na kondoo mwingine. Nekoye alijibu kwamba uzi wa tatu bado. Agneta anasema mumewe alipopelekewa jibu hilo alicheka, kisha akalichukua litungu akaenda nyuma ya nyumba na kukaa huko hadi saa ya chakula.

Isipokuwa kwa Kemboi na wanawake wachache wa jikoni, sababu yenyewe haikujulikana nje ya nyumba hizo mbili. Mtu hasimami kwenye sherehe akaanza kutangaza habari za mama mkwe wake. Kumtaja tu ni kuvunja adabu. Aliyemuuliza Wepukhulu kwa nini anapigia ukuta alijibiwa, "Ukuta hausinzii," akaachwa na tafsiri yake. Tafsiri zilikuwa nyingi. Mzee mmoja wa kanisa, aliyekuwa akilipinga litungu kwa sababu ya pombe inayofuatana nalo, alilegeza msimamo baada ya kumwona Wepukhulu ameinamia ukuta. Alidhani anasali. Mwalimu mmoja aliwafundisha wanafunzi wake kwamba ule ni mfano wa unyenyekevu.

Wapigaji vijana hawakutafuta tafsiri. Waliiga. Kufikia mwaka 1950 ilikuwa vigumu kumpata kijana mwenye litungu kati ya Sirisia na Kimilili anayewatazama watu. Walisema sauti hupita katika uti wa mgongo ndipo iwafikie wasikilizaji. Waliharibu hata mpangilio wa sherehe, kwa sababu kila mmoja alitaka ukuta wake. Aliyefika mbali zaidi ni Kimaiyo wa Cheptais. Kwa kuwa mara nyingi alipiga sokoni, mahali pasipo na ukuta, aling'oa mlango wa nyumba yake akawa anatembea nao. Ndugu yake aliubeba kichwani, akausimamisha na kuushikilia mpaka nyimbo ziishe.

Mwanafunzi wa karibu kuliko wote alikuwa Wabwile, mwana wa Wepukhulu na Agneta, sasa mwenye umri wa miaka ishirini na minne. Alijifunza akiwa amekaa bega kwa bega na baba yake, wote wawili wakitazama ukuta. Naye hakuambiwa sababu.

Basi Jumanne ile, nywele zilipokwisha kunyolewa, watu wakaketi. Khaemba, kaka mkubwa wa marehemu, ndiye aliyeongoza. Agneta alimwendea akamwambia mama yake yuko nje.

"Nimemwona," Khaemba alisema. "Alikuja mapema kuliko sisi wote."

"Anaomba aingie, mzee. Aone kaburi na asikie litungu. Hataki chakula."

"Alikataa blanketi?"

"Alikataa."

"Mara mbili?"

"Mara mbili."

Khaemba aliwageukia wazee waliokaa karibu naye. Walizungumza kwa muda. Hakuna aliyekuwa na kinyongo na Nekoye, na mmoja alisema wazi kwamba hakuna mtu uani aliyewahi kumsikiliza marehemu kuliko yeye. Lakini mwiko, walisema, haufi kwa sababu mtu amekufa. Unaondolewa kwa zawadi itokayo mkononi mwa mkwe.

"Na huo mkono," Khaemba alimwambia Agneta, "tuliuzika Jumamosi. Akae hapo alipo. Ua si mnene, atasikia."

Agneta alikwenda kumwambia mama yake. Nekoye hakubishana. Alisogeza kigoda karibu na minyaa, akasema tangu zamani yeye ni mtu wa upande wa pili.

Wapigaji wakaitwa. Walikuwa vijana wanane, Wabwile akiwa wa kwanza, Kimaiyo wa mwisho na mlango wake. Wakachukua vigoda, wakajipanga kwenye ghala la mahindi chini ya ile picha, na kwa heshima zote wakawapa waombolezaji migongo minane. Wabwile akaanza wimbo wa kumsifu baba yake. Alikuwa bado hajamtaja jina iliposikika sauti ya mwanamke kutoka nje ya ua.

"Agneta. Nani huyo anapigia mahindi?"

"Ni Wabwile, mama."

"Wabwile mume wangu?"

Watu walitabasamu. Bibi na mjukuu wa Kibukusu hutaniana bila mpaka, na bibi kumwita mjukuu mume wake ndio mwanzo wa utani.

"Ndiye," Agneta alisema.

"Nimemkosea nini hata ananipa mgongo? Ameoa mwingine?"

Wabwile alisimamisha wimbo. Hakugeuka. "Kukhu," alijibu, maana ndivyo bibi anavyoitwa huko, "baba alipiga hivi."

"Baba yako alikuwa na mama mkwe. Wewe hata mchumba huna. Unamficha uso nani?"

Vicheko vilianzia kwa wanawake. Kisha vikapungua, kwa sababu wale vijana wanane walikuwa wameanza kutazamana. Wabwile alimtafuta mama yake kwa macho. Agneta aliinuka, akajifunga kitambaa cha kichwa vizuri, akasema mwenye siri amekwenda, na leo ni siku ya kumsema. Akawaeleza yote: harusi ya Chwele, mstari wa wachezaji, ukuta wa jiko, kuku.

Alipomaliza, Kimaiyo ndiye aliyesema kwanza.

"Kwa hiyo mimi nimetembea na mlango miaka minne kwa ajili ya mama mkwe wa mtu?"

"Ulitembea nao wewe?" ndugu yake aliuliza. "Nani alibeba?"

Ilichukua muda kabla Khaemba kuweza kusikika tena. Wanaomjua wanasema ni mtu asiyecheka, lakini siku hiyo alikuwa akifuta macho kwa kofia. Wabwile alikuwa amegeuza kigoda. Alisimama mbele ya baba yake mkubwa, litungu mkononi.

"Papa," alisema, "blanketi liko ndani ya sanduku. Baba ndiye alilinunua."

"Nimesikia."

"Alilitoa. Alimtuma mama alipeleke."

Khaemba aliwatazama wazee wenzake. Mmoja alikuna kidevu, mwingine akainua mabega.

"Kweli," Khaemba alisema taratibu. "Mkono ulishatoa mwaka ule wa thelathini na nne, na ukatoa tena. Aliyechelewa ni mpokeaji. Na mpokeaji yuko hai, anatusumbua kutoka huko nje." Akapaza sauti. "Mama Nekoye, unapokea?"

Nje ya ua Nekoye aliinuka kigodani.

"Nililikataa kwa sababu ya nyuzi," Nekoye alisema. "Sasa nyuzi zenyewe zina mtu mwingine. Napokea."

Wabwile alilitoa blanketi sandukuni. Lilikuwa la kijivu, na kwenye mikunjo lilikuwa limepauka. Akatoka nalo hadi kwenye minyaa, akamfunika bibi yake mabegani, akamshika mkono akamwingiza uani. Alimpitisha kaburini, na pale Nekoye alisimama peke yake. Kisha akaletwa mbele na kukalishwa kwenye kiti kizuri kuliko vyote, na chai ikaja.

Aliitazama ile picha ya mgongo. Akamtazama Wabwile, ambaye sasa alikuwa amekaa akimwelekea, kwa muda mrefu.

"Ndivyo alivyokuwa?" alimuuliza Agneta.

"Pua ni ile. Mdomo pia. Masikio ni ya kwetu."

"Masikio ni mazuri," Nekoye alisema. "Na apige."

Wabwile alipiga wimbo wote, jina na ukoo, akiwatazama watu. Hakujua macho ayapeleke wapi, na mara mbili yaliponyoka yakarudi ghalani. Wimbo ulipokwisha, kila mtu uani alimngoja mwanamke mwenye blanketi.

"Asante mwanangu," Nekoye alisema. "Vizuri sana."

Akanywa chai. Miguuni pake kulikuwa na kuku akidonoa punje za mahindi. Nekoye aliinama kidogo upande wake.

"Kuku," alisema, "uzi wa tatu."

Wabwile alikaza uzi.

Jumatatu ya Pasaka atapiga kwenye harusi Lwakhakha, akiwa ameketi kuwaelekea wageni. Nekoye atakwenda naye, na ameomba kiti cha mbele. Kimaiyo amerudisha mlango kwenye nyumba yake.